Mkanda Mpya wa Gari la Mzee Ambakisye

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura kusemezana, bali hizi za juzijuzi, simu zilipokuwa zimeshafika Tukuyu lakini mtandao ukija na kuondoka upendavyo, paliishi mzee mmoja aliyeitwa Ambakisye. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima.

Wa kwanza alikuwa Lusajo, muuguzi, mtu wa tahadhari, anayeangalia kulia na kushoto hata akivuka shamba la migomba. Wa pili alikuwa Tusajigwe, fundi cherehani wa sokoni, mwanamke ambaye mikono yake haikujua kukaa bure. Wa mwisho alikuwa Sekela, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Mtu akikosea noti mstari wa nyuma kabisa, Sekela alimjua bila kugeuka.

Na mzee alikuwa na gari. Gari kuukuu la rangi ya maziwa, mlango mmoja ukifunguka kwa nje tu, viti vimeshonwa upya na Tusajigwe kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia. Alilinunua alipostaafu udereva wa kiwanda cha chai, na tangu hapo hakupanda gari la mtu mwingine kama angeweza kukwepa.

Basi mwaka ule mzee akapata mchumba. Bi Tulinagwe, mwalimu mstaafu, mjane wa Ipinda, kule chini Kyela kwenye joto na mpunga. Walikutana kwenye tamasha la kwaya, wakagombania kiti, wakaishia kukaa wote. Mzee alipomposa, yule mama alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamjibu.

"Nitakubali," alisema. "Lakini uje mwenyewe, na gari lako hilo ninalolisikia sifa zake. Likifika mlangoni kwangu nitapanda. Usinitumie gari la kukodi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali."

Mzee akaahidi. Watoto wakafurahi, maana nyumba ile ilikuwa imekaa kimya mno. Tusajigwe akaanza kumshonea baba yake suti, Sekela akaanza kuwafundisha wenzake nyimbo za harusi, na Lusajo akakagua jiko, paa na choo, akarekebisha kila kilicholegea.

Wiki ya harusi ikafika. Asubuhi moja Sekela akarudi kutoka mazoezini pamoja na baba yake, ngoma za bendi zimejaa nyuma ya gari. Walipoingia uani, akamwomba mzee asizime injini. Akainamisha kichwa karibu na boneti. Akasema kuna sauti isiyo ya kawaida, kama kitambaa kinachochanwa polepole.

Mzee akamjibu kwamba gari lile limekuwa likiimba tangu siku alipolinunua. Lusajo akasikiliza, akasema ni feni. Tusajigwe akasikiliza, hakusikia kitu, akarudi kwenye suti yake. Lakini Sekela akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akakataa kuondoka mpaka kifuniko cha ubavuni mwa injini kifunguliwe. Mzee akaona aibu kubishana na binti mbele ya majirani. Akazima injini, akaleta bisibisi, akafungua.

Wakamulika kwa tochi. Mkanda wa taimingi ulikuwa umepasukapasuka, meno mengine yameng'oka, ukingo umechakaa kama pindo lililotafunwa na panya.

Sasa, asiyejua magari asikilize. Mkanda huo ndio unaoziambia pistoni na valvu za injini nani apande na nani ashuke. Ukikatika gari likiwa mwendoni, vyuma vinagongana humo ndani, na injini inakufa palepale. Na barabara ya kushuka Kyela, nyote mnaifahamu, ni kona baada ya kona. Gari likizima kwenye mteremko ule, breki zinakuwa nzito na usukani unakuwa mgumu. Na wakati wa kurudi, ndani yake awe bibi harusi.

Mzee akakaa kwenye ngazi ya mlango.

Fundi wao, Mbwiga, hakuwepo. Alikuwa Tunduma kumwona mjukuu wake wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache mtoto arudi. Lusajo akazunguka gereji za mjini. Moja ilikuwa imejaa mpaka barabarani. Nyingine iliangalia umri wa gari ikakataa. Akarudi akashauri waazime gari la jirani, au harusi isogezwe. Mzee akatikisa kichwa kwa kila shauri, bila hasira, kama mtu anayekataa chai.

Hapo Tusajigwe akaweka sindano chini.

"Tuubadilishe wenyewe," alisema.

"Wewe hushoni gari, dada," Lusajo akamjibu. "Mgonjwa akihitaji upasuaji na daktari hayupo, mimi muuguzi sichukui kisu. Ukikosea hapa hutaharibu kona ya kola. Utaua injini, na gari la namna hii halipati injini nyingine."

Tusajigwe akatoka akaenda nyuma ya nyumba, akasimama kati ya migomba. Moyo wake ulikuwa ukimwambia mambo mawili kwa wakati mmoja. Cherehani yake nayo ina taimingi: sindano ikishuka kabla ndoana ya chini haijafika, uzi unakosa na sindano inavunjika. Mara ngapi ameifungua na kuirekebisha mwenyewe, hata akiwa na wateja wanaomsubiri? Hili nalo ni jambo la vitu viwili kukutana kwa wakati wake. Lakini sindano inauzwa kila duka. Na kama Lusajo yuko sahihi? Alijiona amesimama mbele ya baba yake na injini iliyokufa mikononi, na mzee akimwambia hapana neno, mwanangu, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ya msiba wa mama yao. Sauti ile hakutaka kuisikia tena.

Akampigia simu Fundi Mbwiga. Mbwiga akamsikiliza, akasema yeye asingemshauri, ila kama lazima, basi kuna alama kwenye magurudumu mawili yenye meno, la juu na la chini, zikae mahali pake kabla ya kutoa mkanda na baada ya kufunga mpya. "Halafu ukishalegeza," akasema, "uangalie lile la juu, maana..." Mtandao ukakatika. Akapiga tena na tena, simu haikupatikana.

Akarudi uani amekunja mikono ya gauni. Sekela akaleta jeki. Lusajo akawatazama wote wawili, akaona ameshindwa, na hapo akasema maneno ambayo baadaye yalirudiwa sana Tukuyu.

"Sikubaliani nanyi. Lakini hakuna boliti itakayofunguliwa kabla ya kuweka alama zetu wenyewe. Na hakuna atakayepiga stata kabla injini haijazungushwa kwa mkono. Mkikataa hilo, nachukua ufunguo naondoka nao."

Wakakubali. Mkanda mpya ulikuwepo kwenye duka la spea, na Sekela akaukimbilia. Tusajigwe akachukua rangi yake nyekundu ya kucha, akapaka nukta kwenye gurudumu la juu na nyingine kwenye chuma kilicho mkabala nalo. Akapaka na la chini hivyohivyo. Kisha akaanza.

Akatoa tairi. Akatoa mikanda ya nje. Akafika kwenye boliti kubwa ya puli ya chini, na boliti ikakataa. Lusajo, pamoja na kutokubali kwake, akaingia ndani akaweka gia na kukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Tusajigwe akachomeka bomba kwenye spana, akaning'inia nalo, miguu juu. Boliti ikalia, ikaachia, naye akakaa chini kwenye matope. Mzee Ambakisye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Akazungusha injini mpaka nukta zote zikarudi mahali pake, akalegeza kikaza mkanda, akautoa mkanda wa zamani. Ukakatika mikononi mwake kama mkate mkavu. Wote wakautazama. Kisha akavalisha mpya, akaukaza, akafuta jasho kwa kiwiko. Nukta ya juu aliiona imekaa upande kidogo, lakini alikuwa ameinama vibaya, akadhani ni macho. Akasimama, akasema tayari, na kweli mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa ufunguo.

"Kwa mkono kwanza," Lusajo akasema.

Tusajigwe akachukua spana, akazungusha injini taratibu. Ikazunguka. Ikazunguka. Ikagota.

Tusajigwe akataka kusukuma zaidi, Lusajo akamshika mkono. Sekela akaweka sikio kwenye chuma, akasema ametambua mahali pa mgoto: ni juu. Wakamulika. Gurudumu la juu lilikuwa limeruka meno kadhaa wakati mkanda ulipotoka, kwa nguvu ya springi za ndani, na zile nukta nyekundu zilikuwa zimeachana waziwazi. Ndilo jambo Mbwiga alilotaka kulisema. Kama wangepiga stata, valvu zingepinda papo hapo.

Mikono ya Tusajigwe ilikuwa imechubuka, mafuta yamemfika kwenye mabega, suti ya baba haijaisha. Lusajo akamwambia kwa upole kwamba kuacha hapo si aibu. Mzee naye akasema wangeweza kuacha. Hakuna ambaye angemlaumu.

Tusajigwe akainama tena. Akafungua upya kila alichokifunga. Akarudisha la juu taratibu hadi nukta ikakutana na nukta, akamwita Lusajo athibitishe, akamwita Sekela athibitishe, na safari hii akalishikilia gurudumu kwa mkono mmoja huku akivalisha mkanda kwa mwingine. Wakazungusha kwa mkono. Ikazunguka. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka.

Mzee ndiye aliyepiga stata. Gari likawaka, na Sekela akafumba macho, akasikiliza, akasikiliza sana, kisha akaingia ndani akatoka na tarumbeta. Majirani walidhani harusi imeanza.

Tusajigwe aliosha mikono kwa majivu na sabuni hadi ikawaka moto, ndipo akaigusa suti.

Siku ya harusi, gari la rangi ya maziwa lilishuka hadi Ipinda na kusimama mlangoni kwa Bi Tulinagwe. Alitoka amevaa gauni la rangi ya zambarau, akalizunguka gari lote, akapigapiga boneti, akapanda. Wakaupanda mlima kurudi Tukuyu, bendi nyuma yao kwenye lori, watoto wa shule wakipunga mikono pande zote mbili za barabara.

Wakati wa chakula mzee akasimama. Akasema mke wake amemshauri njiani, kwa upole, kwenye kila kona, kwamba macho yake hayatoshi tena kuendesha. Naye amekubali. Akainua ufunguo. Akasema gari atalikabidhi kwa mtoto aliyeliokoa, wengine wasinung'unike.

Sekela akasimama.

"Bila mimi msingejua lina ugonjwa," alisema. "Nyote mlisikiliza, hamkusikia. Mkanda ule ungekatikia mlimani, na leo tungekuwa na matanga. Nililiokoa mimi."

Lusajo akasimama.

"Bila mimi mngeiua injini kwa mikono yenu wenyewe," alisema. "Mliona hofu yangu ni kikwazo. Hofu ile ndiyo iliyoweka zile nukta nyekundu, na ndiyo iliyozuia ufunguo. Nililiokoa mimi."

Tusajigwe alisimama wa mwisho. Alitazama kucha zake, ambazo bado zilikuwa na weusi ambao sabuni ilishindwa.

"Sekela alisikia, lakini kusikia hakukufunga mkanda," alisema. "Kaka alizuia, lakini kama tungemfuata tangu mwanzo, Mama angekuwa bado amekaa Ipinda anasubiri. Mimi nilithubutu, nikakosea, nikarudia. Nililiokoa mimi."

Sekela akamkumbusha kwamba mkono wake ulishafika kwenye ufunguo. Lusajo akamkumbusha Sekela kwamba hakushika spana hata moja. Tusajigwe akamkumbusha Lusajo kwamba yeye ndiye aliyesema ni feni. Wote watatu wakaangua kicheko, na hakuna aliyekaa chini.

Mzee Ambakisye akamgeukia bibi harusi amwamulie. Bi Tulinagwe akauchukua ufunguo, akaupima mkononi, akawatazama watoto wake wapya mmoja mmoja, kisha akauweka katikati ya meza, kando ya sahani ya wali, na kusema yeye ni mgeni, wenyeji waamue.

Watu wa karamuni wakaamua, lakini kila meza iliamua lake, na mpaka bendi inapiga wimbo wa mwisho ufunguo ulikuwa bado pale.

Haya, nanyi mmekaa mezani nao. Mmoja alisikia, mmoja aliogopa, mmoja alithubutu. Je, nani aunyanyue ule ufunguo?