Nguchiro na Mbio za Kisima

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango ya kubishiwa hodi na baiskeli za kuegesha ukutani, palikuwa na kisima kimoja tu cha kiangazi. Sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize sasa hivi, maana kuna mahali hatutacheka.

Kila mwisho wa masika, kabla lambo halijakauka, wanyama walishindana. Waliogelea kuvuka lambo, wakapanda baiskeli kuzunguka kilima, kisha wakakimbia kwa miguu mpaka kisimani. Mshindi ndiye aliyepanga zamu za maji kiangazi kizima. Na mshindi, miaka nenda miaka rudi, alikuwa Bwana Kiboko. Huyo hakuteka kama wenzake. Aliingia kisimani mwili mzima, chubwi! Akaoga, akajigaragaza, akatoka akawaachia wengine tope.

Mwaka huo Nguchiro, mama wa watoto watatu, naye akajitosa.

"Kadudu haka!" Nyani akacheka. "Pedeli utazifikia?"

"Nitazifikia, kaka. Watoto wanataka maji safi."

Puu! Wakatumbukia. Majini Kiboko aliongoza. Nguchiro alipotoka alihangaika kuitafuta baiskeli yake, kumbe imelaliwa na za wakubwa. Hata hivyo alikuwa mwepesi. Chini ya kilima akamkuta Kiboko, baiskeli inamlilia kwii, kwii! Nafasi ya kupita ilikuwepo.

Lakini kwao mdogo hampiti mkubwa kimya kimya. Nguchiro akafunga breki.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba," Kiboko akaitikia, taratibu kabisa. "Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo, bwana."

"Na mama mkwe, ile miguu yake inaendeleaje?"

Loo! Huwezi kumkata mkubwa maneno. Nguchiro akajibu, akajibu, huku Nyani na Nyumbu, ambao ni rika la Kiboko, wakipita bila hata kugeuza shingo. Alipowafikia hao nao, salamu zikaanza upya. Aliposhuka kwenye baiskeli akakurupuka kukimbia, miguu ikamkatalia, akaanguka kifudifudi. Kiboko akashinda tena; Nguchiro akafika wa mwisho, akapewa zamu ya mwisho.

Kiangazi kikakolea. Kidawa, kitinda mimba wa Nguchiro, akanywa lile tope. Tumbo likamshika. Mama akamkanda, akamwimbia, akamwita jina lake. Kidawa hakuitika.

Matangani wakaja wote. "Pole, mama," wakamwambia. "Ndiyo hivyo, umeumbwa na miguu mifupi."

Matanga yalipoanuliwa Nguchiro alirudi peke yake kwenye njia ile ya mashindano, akaifuata hatua kwa hatua akijiuliza. Nilishindwa hapa? Lambo nilivuka vizuri. Hapa nilipoteza muda kutafuta baiskeli. Kule mbele nilikurupuka kabla miguu haijazoea ardhi. Alipofika chini ya kilima akakaa kitako, akalia.

"Ni hapa," akasema. "Adabu si kosa. Kosa langu ni kuileta barabarani, mahali ambapo wao wanaitumia kunifunga kamba."

Masika mengine yakapita. Siku ya kuamkia mashindano, Nguchiro alikwenda kwa Bibi Kobe, mkunga wa pande zile, aliyewapokea wote walipozaliwa.

"Bibi, kesho nikukalishe pale zinapoegeshwa baiskeli?"

"Nikafanye nini, mwanangu?"

"Ukajuliwe hali tu."

Bibi Kobe akajiinua kitini. "Mwaka mzima," akasema, "hakuna aliyenibishia hodi. Nipeleke."

Kulipopambazuka Nguchiro akapita mlango kwa mlango. Hodi, hodi! Akapiga magoti, akaamkia, akauliza habari za mkwe, za mifugo, za jino linalouma, hadi wenyewe wakachoka.

"Basi, basi!" Kiboko akapiga mwayo. "Tumesalimiana, tumemaliza."

"Tumemaliza, bwana?"

"Si nimekwambia tumemaliza!"

Nguchiro akamkalisha Bibi Kobe kwenye kigoda, katikati ya baiskeli za wakubwa. Yake akaiweka pembeni, imetazama barabara.

Puu! Wakaingia majini. Kiboko akatoka wa kwanza, maji yanamchuruzika. Mara akasimama. Macho ya Bibi Kobe yalikuwa usoni pake.

"Shi... shikamoo, Bibi."

"Maraaa..." Bibi akavuta pumzi, "...haba. Nani huyo?"

"Kiboko, Bibi."

"Kiboko yupi? Maana nimewazalisha wengi."

Nyani akafika, akapanga foleni. Nyumbu naye nyuma yake. Nani angempita mkunga wake kimya? Nguchiro akaibuka mbio, akainamisha kichwa.

"Bibi!"

"Pita, mwanangu, sisi tulishajuliana hali."

Akapita. Kengele ikalia kiring, kiring! Akaenda zake.

"Bibi, niko kwenye mashindano!" Kiboko akalalamika.

"Mashindano gani yaliyo makubwa kuliko mama yako, aliyekuacha mikononi mwangu?" Sauti ya Bibi Kobe ilitetemeka, maana kwake haikuwa hila. "Kaa hapo. Watoto wako wangapi sasa? Majina yao nani?"

Kiboko alipoachiwa, alikanyaga pedeli kama mwendawazimu. Nguchiro alikuwa ameshashuka kwenye baiskeli. Safari hii hakukurupuka. Alianza kwa kuchechemea, kisha akachangamka, kisha akaachia mbio. Puh! Puh! Puh! Nyuma yake ardhi ikatikisika, pumzi za Kiboko zikampiga mgongoni.

"Ebo! Nguchiro! Unaniacha bila salamu?"

"Si ulisema tumemaliza?" akajibu bila kugeuka, na mkono wake ukagusa ukingo wa kisima.

"Umetuhadaa!" Kiboko akafoka.

"Kumwamkia Bibi ndiko kuhadaiwa?" Nguchiro akauliza. "Basi semeni hapa, mbele za watu."

Nyani akajikuna, Nyumbu akatazama chini.

"Zamu ni hizi," Nguchiro akasema. "Wadogo watangulie. Kwa Bibi Kobe maji yatapelekwa mpaka mlangoni. Mwenye kutaka kuoga atakuja mwisho, na ndoo, aogee mbali."

Watoto wake wawili wakaleta kibuyu. Akateka, akayatazama yale maji jinsi yalivyo meupe, akajifuta macho.

"Mama, mbona unalia na umeshinda?"

"Nimeshinda, ila kwa Kidawa nimechelewa mwaka mmoja," akasema. "Haya, kunyweni."

Basi, wanangu, yamekwisha: kulikagua kosa hakurudishi kilichopotea, ila anayelikagua hapotezi mara mbili.