Gurudumu la Ndala

Ndugu zangu, tuseme palikuwa na fundi mmoja huko Tabora, mtaa wa nyuma ya stesheni. Kazi yake ilikuwa kufufua vichwa vya treni vya kuchezea, vile vidogo vya bati vya zamani ambavyo wenyewe huvitunza kama dhahabu. Ukimpa kigurudumu kimoja tu, alikipapasa, akahesabu spoki zake, akakutajia kiwanda na mwaka. Watu walimsifu sana, na mnajua wenyewe: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Siku moja akaja mama mmoja mjane, amefunga kitu kwenye khanga. Kilikuwa kichwa cha treni. Baba yake alikipata zamani alipokuwa mfanyakazi wa reli, kikaishia mikononi mwa mjukuu, mtoto wa pekee wa mama huyu. Mtoto mwenyewe alikuwa amefariki kwa homa miezi minne iliyopita. Mama akaeleza kwamba ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, imepinda, treni haitembei.

"Ninyooshee tu itembee, fundi. Ni ya mwanangu."

"Niachie, mama," fundi akajibu. "Utaikuta kama ilivyotoka kiwandani."

Mama alidhani ni majigambo ya mafundi, akaenda zake.

Fundi akavaa miwani, na moyo ukamuuma kwa alichokiona. Mtu alikuwa ameipaka rangi ya kijani, ile ya milango, juu ya nyeusi ya kiwandani. Tena aliikandamiza kabla haijakauka, maana alama ya gumba dogo ilikuwa wazi ubavuni. Gurudumu moja halikuwa la bati hata kidogo; lilikatwa kwenye soli ya ndala. Kazi ya hovyo, fundi akajisemea. Akaling'oa lile la ndala, akalitupa kwenye moto wa takataka. Akashika msasa na mafuta ya taa, akasugua kijani chote mpaka bati likang'aa. Halafu, sikilizeni vizuri, akafungua kopo lake, akatoa gurudumu halisi alilolitunza miaka sita, akamwekea mama yule bure. Je, huyu ni mtu mbaya? Mimi nasema alikuwa na huruma kuliko wengi wetu tuliokaa humu.

Jumamosi mama akarudi. Treni ilikuwa nyeusi, inateleza mezani bila kelele. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akapitisha kidole ubavuni taratibu, kama anayetafuta kitu.

"Hii ni nzuri sana," akasema. "Sasa nipe ya mwanangu."

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Akatoka nje, akachakura majivu kwa mikono, akakuta majivu matupu. Aliporudi ndani, mama alikuwa ameondoka na treni imebaki mezani.

Mnamsikitikia mama, nami namsikitikia. Lakini sisi tumekaa upande gani wa ile meza? Jumatatu tulikwenda msibani hapa hapa mtaani. Mfiwa akaanza kutusimulia jinsi marehemu alivyokuwa mkaidi, jinsi walivyogombana siku ile ya mwisho. Tukamnyamazisha. Tukampa aya, tukamwambia ni mapenzi ya Mungu, tukamfuta machozi kwa nguvu, tukarudi nyumbani tumeridhika. Na mimi ndiye niliyeanza. Yule mtu alikuwa ameomba kusikilizwa tu.

Basi wiki hii mtu akikuletea msiba wake, muulize kwanza ni wapi hataki uguse. Akikwambia, usiguse.