Ukuta wa Bi Sauda

"Ukuta huu hautoki, Lali! Nimesema hautoki!"

"Mama, ukuta gani huu? Mtu humu anapita ubavu ubavu kama kaa!"

"Basi toka wewe kaa, niachie pango langu!"

Kipofu hapotei kwenye kuta, hupotea uwanjani. Jana mliwasikia mafundi wakitupiana neno hilo, mkacheka, mkauliza kipofu mwenyewe ni nani. Haya, kaeni. Mwanzo wake ni ugomvi huo, hapa hapa Lamu, kati ya Bi Sauda na mwanawe wa pekee.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya kizamani hasa. Ghorofani vyumba vitatu virefu, vyembamba, kimoja nyuma ya mwenzake, maana boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutwi ikarefuka. Kati ya chumba na chumba, ukuta mnene wa matumbawe, na kwenye ukuta zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vitu, safu juu ya safu. Lali alikuwa Mombasa miaka kumi na miwili, ameshazoea sebule pana. Akarudi kwa likizo ya mwezi mmoja na ramani aliyoichora mwenyewe kwa rula: kuta mbili za kati zing'oke, vyuma vipite juu vibebe boriti, vyumba vitatu viwe kimoja.

"Nitakufanyia uwanja, mama, upunge upepo."

Sasa, Lali hakujua, wala jirani hakujua, kwamba Bi Sauda alikuwa haoni. Macho yalimwondoka pole pole, huu mwaka wa tatu, mpaka kilichobaki ni kujua tu kama dirisha liko wazi au limefungwa. Na hakumwambia mtu. Alijua akifungua mdomo tu, Lali atambeba hadi Mombasa, amweke ghorofa ya tano, asubuhi mpaka jioni yeye na redio. Hapa nako alikuwa peke yake, lakini upweke wa hapa alizijua njia zake. Kidaka cha tatu kutoka mlangoni, tasbihi. Cha tano, sukari. Cha saba kina ufa mdomoni. Ukiupata ufa, simama, ngazi ya kushukia uani iko kuliani kwako, hatua nne. Mkono wa kushoto ukutani, basi. Alipika, alifagia, alimpokea mgeni mlangoni, na mgeni akaenda zake asijue kitu.

Aseme nini basi? Akashika la uongo.

"Zidaka hizi alizichonga babu wa baba yako."

"Nitazipiga picha zote, mama, nikutundikie."

"Picha!" Bi Sauda akacheka kicheko kikavu. "Haya. Picha."

Na Lali, kwa kuwa alitaka kusikia ndiyo, akasikia ndiyo.

Wiki tatu Bi Sauda alikaa kwa jirani, kwenye kiti kimoja, akisingizia magoti. Kutwa anasikiliza nyundo. Punda wakipita chini ya dirisha na vifusi kwenda pwani, naye anawahesabu kwa kwato. Huyu kabeba kidaka cha tasbihi. Huyu cha sukari. Jirani akimuuliza mbona hasemi, anajibu magoti, bibi, magoti tu.

Siku ya kurudi, Lali alimshika mkono mpaka mlango wa juu, akamwachia.

"Haya, ingia, mama! Bismillahi!"

Akatangulia mbio hadi mwisho wa chumba, ageuke auone uso wa mama ukifurahi. Fundi Bunu, mwashi mzee aliyeifanya kazi ile, alikuwa kando anaosha mwiko wake.

Bi Sauda akanyoosha mkono wa kushoto. Hewa. Akaunyoosha zaidi. Hewa.

"Unaonaje?" Sauti ya Lali ikagonga huku, ikagonga kule, ikamfikia mama kutoka pande nne.

"Pazuri, mwanangu."

"Njoo ukae basi! Kiti chako hiki hapa."

Hapa wapi? Akapiga hatua. Akapiga nyingine, mikono mbele, kama mtu aliyeingia maji asiyoyajua kina. Wala hakuelekea kwenye kiti. Alielekea kwenye tundu la ngazi, ambalo ukuta wake ulishang'olewa na kizuizi kilikuwa bado hakijajengwa.

"Mama, huko ngazi! Mama!"

Fundi Bunu akatupa mwiko, akamdaka mkono. Mguu mmoja ulikuwa tayari hewani.

"Huyu haoni," akasema Fundi Bunu, anahema.

"Haoni nini? Si anatembea siku zote!"

"Alikuwa anatembea na kuta zake, na mimi na wewe tumezing'oa. Lali, kipofu hapotei kwenye kuta, hupotea uwanjani."

Lali akaja pole pole, akapitisha kiganja mbele ya macho ya mama yake. Hayakupepesa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuja Idi."

"Na husemi, mama!"

"Ningesema ungenihamisha."

"Na nitakuhamisha! Kesho, boti ya asubuhi!"

"Kwenye nyumba pana?" Bi Sauda akauliza. "Kama hii?"

Lali akageuka, akakitazama kile chumba kipana mwisho hadi mwisho.

Fundi Bunu akatoa mfukoni uzi wake, ule wa kunyooshea ukuta. Akagonga msumari mlangoni, akaufunga, akauvuta mpaka kwenye kiti, pale pale ukuta ulipokuwa umesimama. "Niambie, Bi Sauda."

"Shibiri nane kutoka mlangoni. Hapo tasbihi."

Fundi akapiga fundo. Akaambiwa pa sukari, akapiga la pili. Akaambiwa pa ufa, akapiga la tatu. Bi Sauda akaushika uzi, akausikiliza kwa vidole, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu mabega yake yakashuka.

"Mawe yako wapi, fundi?" Lali akauliza.

"Pwani, kwenye rundo."

"Na zidaka?"

"Zimevunjika. Ukuta nitaurudisha. Zidaka nitachonga nyingine, lakini zile siziwezi."

Likizo ilikuwa imebaki siku mbili. Kazi ile ingemalizika Lali hayupo, na Bi Sauda angejifunza zidaka mpya peke yake, kama alivyoyajifunza mengine.

Lali akafumba macho. Akaushika uzi kando ya kiti cha mama yake, akaanza kuufuata kuelekea mlangoni, aende kuwaita wenye punda wayarudishe mawe. Kwenye fundo la ufa akasimama. Akaachia uzi kidogo tu, ajaribu, akapapasa pande zote, asipate kitu. Akaurudia haraka.

"Kipofu hapotei kwenye kuta," akasema, taratibu, kama mtu anayesoma. "Hupotea uwanjani."

Akapita la sukari, akapita la tasbihi, akaugusa msumari. Akatoka, akaufunga mlango kwa kishindo, ili mama yake ajue mlango uko wapi.