Moto wa Mbao za Jeneza

Sogeeni jikoni, nyie mnaotetemeka. Na wewe mwenye haraka ya kujibu, funga mdomo mpaka nimalize.

Huko milimani Makete, ambako hata Aprili watu hulala na masweta, walikuwako wanawake watatu. Bibi Anyisile alikuwa na mbao kavu za jeneza lake, alizozitunza darini miaka kumi na minne, maana hakutaka kuzikwa kwa mbao za kuomba. Binti yake Atupele alipasua kuni kuwashinda wanaume wa kijiji kizima. Sekela, jirani yao, alikuwa mkunga mwenye mikono myepesi.

Siku hiyo Tusekile, mkwe wa bibi, alijifungua binti kabla ya miezi kutimia. Sekela akasema, "Huyu bila joto hafiki kesho." Mara mlima ukaporomoka. Tope likaziba mlango na dirisha, likazifukia kuni zote barazani. Shoka nalo lilikuwa nje, maana kwao shoka haliingii nyumba yenye mzazi. Mila yao wenyewe ikawaponza! Walisukuma mlango, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Jikoni mlibaki majivu tu, na mtoto alianza kupoa.

Bibi Anyisile akasema, "Shusheni mbao zangu."

"Mama, wewe tutakuzika na nini?" Atupele akauliza.

"Kwani nimekufa?"

Lakini ubao wa kwanza uliposhuka, bibi alilia.

Mbao hazikuingia kwenye mdomo wa jiko. Atupele akachukua panga butu na jiwe la kusagia, akazipasua nyembamba kama vidole, zichomwe kidogo kidogo. Siku mbili hakulala, viganja vikamtoka damu. Angefanya pupa, zingeisha siku ya kwanza.

Siku ya pili tope liliteleza paani, likaziba bomba la moshi. Moshi ukarudi ndani. Wakizima moto, mtoto atakufa kwa baridi. Wakiuacha, atakosa pumzi. Sekela alilichomoa bomba likiwa la moto, akaingiza mkono wa kulia, akalichokoa tope lote, kisha akalirudisha, moshi ukatoka. Mkono ukaungua hadi kiwiko. Hatapokea tena mtoto kwa mkono ule.

Siku ya tatu majirani walifukua mlango, wakamkuta mtoto analilia ziwa.

Sasa basi. Kwao mtoto aliyeokolewa hupewa na mama yake jina la aliyemwokoa, jina moja tu, siku ya saba kabla jua halijazama. Na leo ndiyo ya saba.

"Jeneza sina tena," anasema Bibi Anyisile. "Nipeni jina."

"Mama, wewe una watoto na wajukuu," anasema Atupele. "Mimi sikujaliwa hata mmoja. Nikifa, nani atalitaja jina langu?"

Sekela ameuweka mapajani mkono wake uliofungwa kitambaa.

Tusekile amekaa katikati yao, mtoto kifuani. Mlango uko wazi, ila hana pa kukimbilia: mmoja ni mama mkwe, mmoja ni wifi, mmoja ni jirani wa kila siku. Anawapenda wote, na anaogopa. Jua limeshagusa mlima.

Haya, wewe uliyekuwa na haraka: mtoto aitwe nani?