Beberu Asiye na Ila

Zamani za madhabahu za mawe, mfugaji mmoja aligombana na mdogo wake juu ya zamu ya kunywesha mifugo. Wakasukumana. Mdogo akatumbukia katika kisima kilichokauka, akavunjika mguu. Mkubwa alipochungulia alisikia, "Kaka, nishushie kamba." Kamba ilikuwa begani mwake. Hakuishusha.

Msimhukumu upesi, hakuwa katili. Kwao ilikuwapo desturi kwamba aliyemuumiza mwenzake asimguse mtu yeyote mpaka mikono yake itakaswe kwa damu ya mnyama. Aliogopa kuwa akimvuta ndugu yake kwa mikono ile, laana itawashukia wote wawili. Akamwambia avumilie, akaenda kutafuta sadaka.

Akatafuta beberu. Sisemi mbuzi tu. Nasema beberu, maana aliyehasiwa hakupokelewa. Wa kwanza alikuwa na kovu sikioni, akamrudisha zizini. Wa pili akamkagua macho na kwato, kisha akamwogesha. Kwenye foleni ya madhabahu watu walimtania kwamba mnyama huyo ameogeshwa kuliko mkewe. Alijitahidi kutabasamu. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa akifikiria jinsi linavyoingia kisimani.

Zamu yake ilipofika, aliweka mkono juu ya kichwa cha beberu, kama ilivyotakiwa, akakata. Akausikia mwili ukitetemeka chini ya kiganja chake, kisha ukalegea. Kuhani akamtaka ataje kosa lake.

"Ni ndugu yangu, baba. Nimemsukuma kisimani."

"Amekufa?"

"La. Nimemwacha akiniita."

Kuhani akampokea kisu, akakiweka chini.

"Mwanangu, tunawawekesha mkono hapo ili muone uhai unavyotoka na usivyorudi, mpate kuwakimbilia ndugu zenu. Beberu angengoja."

Walikwenda wote wawili, mbio. Yule mkubwa aliinama juu ya kisima, akaita jina la mdogo wake. Akaita tena. Akashusha kamba yote, akaipandisha, nyepesi vilevile. Mikono yake ilikuwa imetakasika.

Sasa sisi, wapendwa, ambao hatuchinji tena. Ni wangapi tumeingia humu na nguo zilizopigwa pasi, sadaka tumeikunja vizuri, na huko tulikotoka kuna mtu tumemwacha akituita? Twasema: kwanza nifunge, kwanza niombewe, nikiwa safi nitamwendea. Mnadhani Mungu alikuwa na njaa ya nyama ya mbuzi? Alichotaka ni mkono uleule uliosukuma, ungali mchafu, ushike kamba.

Kama yupo anayekuita, usingoje wimbo wa mwisho. Inuka utoke sasa. Sadaka yako iache hapo kwenye benchi. Hatutageuka kukutazama.