Pimbi na Kamba Thelathini

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao kila asubuhi na kupiga hodi kabla ya kuingia kwa mwenzao, kulikuwa na kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba. Ua ulikuwa imara. Lango ndilo lililokuwa aibu tupu: magogo yameegemezwa tu, hayajafungwa. Mtu akikohoa karibu, gogo moja linaanguka.

Fisi walilijua lango lile kuliko wenyeji. Msimu uliopita waliingia alfajiri wakamchukua mtoto wa kwanza wa Bi Digidigi. Akabaki na Tunu, kitoto chenye masikio makubwa kuliko uso.

Mnauliza kwa nini hawakulifunga? Subirini, nawaambia. Kila mwaka shamba la mkonge lilitoa kamba thelathini, haliongezi hata moja. Na wakubwa walikuwa watatu. Mzee Tembo alitaka mnara, amwone adui akiwa mbali. Mzee Kiboko alitaka ngoma ya vita. Bwana Kifaru alitaka mikanda ya gwaride, eti askari asiye na mkanda si askari.

Ili asinune mtu, waligawana kumi kumi. Mnara ukaishia ngazi tatu. Ngoma ikawambwa upande mmoja. Mikanda ikawatosha askari wawili, tena wembamba. Mwaka ukiisha, mchwa wameshatafuna vyote, wanaanza upya. Lango halikuwa na mkubwa wa kulisemea.

Mwaka mmoja, siku ya mgao, Pimbi alipita kwa Bi Digidigi kumjulia hali. Pimbi mnamfahamu? Mnyama wa mawe, hana mkia, anaenea kwenye kapu la sokoni. Alimkuta Bi Digidigi ameketi na mwanawe, mguu wa mmoja umefungwa uzi kwenye mguu wa mwenzake.

"Shoga, uzi huu wa nini?"

"Tukilala namfunga kwangu. Wakimvuta, niamke."

"Na unalala kweli?"

"Silali, shoga."

Pimbi alirudi nyumbani, chakula kikamshinda. Alimpenda sana mtoto yule. Kesho yake asubuhi, huyoo, mbio kwa Tembo.

"Hodi! Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Fisi wamesikia habari za mnara wako. Wanatetemeka, Mzee! Wanakuja kuiba kamba zako ghalani."

"Ati nini!"

"Zifiche langoni. Nani atatafuta kitu cha maana kwenye lango lile? Ila usizirundike, zitaonekana. Zungushia magogo, ukaze wasiweze kuzifungua. Funga juu kabisa, ambako unafika wewe peke yako. Na usimwambie mtu!"

Tembo akabeba kamba zake, akaenda kukaza. Krrr! Krrr!

Adhuhuri wengine walipojipumzisha, Pimbi alikuwa kwa Kifaru.

"Fisi wameisikia mikanda yangu?" Kifaru aliuliza.

"Wameisikia, Bwana! Wanasema jeshi lenye mikanda halishindiki."

Kifaru akavimba kwa furaha. Akafunga zake katikati ya magogo. Macho yake mnayajua, kamba za juu hakuziona.

Jioni ikawa zamu ya Kiboko. Alifunga chini, ameinama, ana haraka ya kwenda kula, wala hakuinua kichwa. Alipoondoka, Pimbi akapitisha komeo, akapanda jiwe lake, akaketi roho juu.

Alfajiri, ukungu bado umetanda, wakaja. Uuu-wi! Uuu-wi! Bi Digidigi akamkumbatia Tunu.

Fisi mkubwa akarudi nyuma hatua kumi, akaja mbio. Puu!

"Yalaa! Pua yangu!"

"Sukuma!"

"Si nimesukuma!"

"Sukuma tena!"

Puu! Puu! Lango likalia, lakini halikutoka hata gogo moja. Jua lilipochomoza, fisi waliondoka wakichechemea na kulaumiana.

Kijiji kizima kikakusanyika langoni.

"Nani amelifunga?" Tembo aliuliza.

Kifaru akakohoa. "Mimi nilificha mikanda yangu tu."

"Hata mimi," Kiboko akasema, "kamba za ngoma."

Tembo akatazama juu, akayaona mafundo yake mwenyewe.

"Pimbi!"

"Naam, Mzee."

"Umetudanganya."

"Nimewadanganya, Mzee. Wote watatu."

"Na mnara wangu je?"

"Mzee, ukipanda zile ngazi tatu, unaona nini?"

Tembo akafikiri. "Naona paa la Kiboko."

Wanyama wakaangua kicheko. Tembo hakucheka. Alikuwa ameuona ule uzi mguuni kwa Tunu, na ngozi ilivyochubuka chini yake.

"Mama Tunu, kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia, Mzee. Barazani, mara tatu. Mkasema nisubiri mgao."

Tembo, pamoja na ukubwa wake wote, akapiga magoti mchangani.

"Nisamehe, binti yangu," akasema.

Bi Digidigi akaufungua uzi. Tunu akanyoosha mguu, akaruka mara moja kuujaribu, halafu akatimua mbio mpaka kwenye komeo, uzi mdomoni.

"Babu, na huu ufunge!"

Tembo akaupokea kwa ncha ya mkonga, akaufunga kwenye komeo, fundo dogo lisiloweza kuzuia hata panzi. Bi Digidigi akaingia ndani, akalala mpaka jua la utosini, na siku ile kijiji kizima, Kiboko na Kifaru nao, kilitembea kwa kunyata.

Nami naiacha hadithi hapo alipolala yeye, ila hili mlichukue: mwenye kamba chache na amalize kwanza lango linalomlinda mtoto.