Fisi Apanga Vituo vya Hija

— Paukwa!
— Pakawa!
— Miguu iko wapi?
— Tumeikalia!
— Ikalieni vizuri, maana leo kuna atakayetembea kwa niaba yetu sote.

Hapo kale mvua iligoma. Mito ikakauka, nyasi zikaungua, na wanyama wa Bonde la Mikoche wakaweka nadhiri: mvua ikinyesha, tutakwenda kwa miguu mpaka chemchemi iliyo juu ya Mlima Ngurumo, tukashukuru. Mvua ikanyesha. Ikanyesha hata wengine wakaanza kulalamikia matope. Lakini nadhiri ni nadhiri. Wakakusanyika: Swala, Kanga na wanawe, Nungunungu, Mzee Kobe, na Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, mwenye miguu mifupi na maneno marefu.

Mlima ulikuwa mbali, safari ya siku nyingi. Ikabidi ipangwe: leo tulale wapi, kesho tulale wapi. Ndipo Fisi akasimama.

"Vituo nitapanga mimi. Nani ana neno?"

Aliyekuwa na neno aliyaona meno ya Fisi, akalimeza.

Fisi akapanga. Siku ya kwanza, kutoka mtoni hadi Jabali Jekundu. Kwa mbali jabali lenyewe lilionekana dogo kama punje ya mtama.

"Na sheria ni moja," akasema. "Jua likizama, atakayekuwa bado yuko njiani ni kitoweo cha kiongozi. Ni kwa ajili ya nidhamu."

Macho yote yakamgeukia Mzee Kobe.

"Mjukuu wangu," Kobe akamnong'oneza Pimbi, "nadhiri hii niliiweka pamoja na bibi yako. Ukame ukamchukua kabla ya mvua. Kurudi nyumbani siwezi, na pale jabalini sifiki."

"Babu, wewe tembea tu. Usikimbie, usisimame. Mengine niachie."

Pimbi akamwendea Fisi. "Shikamoo, kiongozi."

"Marahaba. Sema haraka."

"Mpango wako mzuri mno. Hofu yangu moja tu. Wenyeji wa kila kituo huwawekea mahujaji mafuta ya kondoo, na anayetangulia ndiye anayekula. Sasa Swala ana mbio. Kiongozi mzima ule makombo ya Swala?"

Fisi hakujiuliza Swala alianza lini kula mafuta. Mate yakamtoka, cho, cho, cho. "Nitatangulia mimi!"

"Ndivyo afanyavyo kiongozi. Lakini huku nyuma, aliyechoka akianguka, Chui si ataokota? Kitoweo chako, aliye nacho Chui!"

"Nitarudi kuangalia!"

"Ndivyo afanyavyo kiongozi."

Safari ikaanza. Fisi akatangulia, gudu-gudu-gudu, mpaka Jabali Jekundu. Mafuta hakuna. Akarudi, gudu-gudu-gudu, mpaka nyuma kabisa. Kobe anatembea, kwata, kwata, kwata. Hajaanguka. Akaenda mbele tena, labda mafuta yameletwa. Hayajaletwa. Akarudi nyuma tena, labda Kobe ameanguka. Hajaanguka. Kwata, kwata, kwata. Ilipofika alasiri, ulimi wa Fisi ulikuwa unafagia njia.

"Pimbi," akaita akihema, "jabali hili liko mbali."

"Ulilipanga wewe, kiongozi."

"Nimepangua. Leo tulale pale kwenye mgunga."

Mgunga ulikuwa karibu. Kobe akafika jua bado liko juu, akapata na nafasi ya kuzungumza na Nungunungu.

Asubuhi Fisi akauliza, "Mafuta ya jana yalikuwa wapi?"

"Wenyeji waliyapeleka jabalini jioni, kiongozi. Wewe ukalala mgungani."

Fisi karibu alie. "Leo sikosi!"

Akaenda mbele, gudu-gudu-gudu. Hakuna. Akarudi nyuma, gudu-gudu-gudu. Kwata, kwata, kwata. Hajaanguka. Na kila siku Fisi akakisogeza kituo karibu zaidi, na kila siku wenyeji wakawa wamepeleka mafuta kule alikokuwa amepanga kwanza. Wana wa Kanga wakanenepa kwa mapumziko. Pimbi alipanda mgongoni kwa Swala, ati apate kuiona njia vizuri. Mahujaji wakasema, hija hii imepangwa na mwenye huruma.

Walipokaribia mlima, Fisi akaanguka katikati ya njia, puu! Mahujaji wakampita mmoja mmoja, kwa adabu.

"Pole na kazi, kiongozi."

"Pole na kazi, kiongozi."

Hata Mzee Kobe, kwata, kwata, kwata. "Pole na kazi, mwanangu."

Jua likazama. Fisi akaingia kituoni akijikokota, akawakuta wote wameketi.

"Kiongozi," akasema Pimbi, "sheria imepata mtu leo. Jua limezama, na aliyekuwa njiani amepatikana."

Fisi akasahau uchovu. "Yuko wapi? Nipeni!"

"Ni wewe."

Mwingine angecheka, mwingine angekasirika. Lakini Fisi hakuwa ametia nyama mdomoni tangu bondeni. Akautazama mguu wake wa nyuma. Ulikuwa na mnofu. Akaunusa. Kidogo tu, akajiambia, kuonja.

Ng'wa!

"Uwiii!"

Akatimka porini akilia, akichechemea, na mpaka leo nyuma kwake kumeinama. Wengine wanasema alilia kwa maumivu. Wengine wanasema alilia kwa sababu nyama ilikuwa ngumu.

Asubuhi mahujaji wakapanda mlima. Kobe alifika mchana, wenzake wakampisha. Akainama, akanywa.

"Tumefika," akasema, ingawa pale majini alikuwa peke yake. Pimbi akashuka majini, akanywa kando yake.

Basi, wanangu, fundisho ni hili: watiini wanaowapangia safari, na mfanye bidii kama Fisi, maana katika hija ile hakuna aliyetembea kumzidi.

— Lakini Fisi hakufika!

— Nani kazungumzia kufika? Mimi nimesema bidii. Hadithi imeingia kituoni, nayo ilale.

— Ilale salama!